Tumbo la Kinyozi na Tarehe ya Upasuaji

Mshauri mpendwa,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba tangu Jumatatu maharage yamepigwa marufuku nyumbani kwangu, kwa amri ya baba watoto, aliyeisoma hukumu akiwa mlangoni na taulo begani. Naomba unisaidie, maana maharage hayana kosa na mimi najua. Mume wangu ni kinyozi, ana saratani ya ngozi iliyoanzia unyayoni ikapanda kinenani, na madaktari walisema kabla ya kumpasua watamtundikia dripu za dawa ya kuamsha kinga, ili mwili wenyewe uutambue ugonjwa na kupigana nao, kisha wao wakate kilichobaki; ameshapata mbili, uvimbe umenywea, tukashukuru, upasuaji ni wiki mbili zijazo, lakini leo ni siku ya tano anaharisha, na mimi nashona sare za shule chumba cha mbele, kila anayekwenda chooni hupita mgongoni kwangu, jana nilihesabu safari saba na ya saba alikuwa ameshika ukuta.

Muuguzi alipopiga simu kuuliza, "Na tumbo je, baba?" akamjibu, "Shwari, mwanangu, labda mapishi ya mke wangu tu," huku amenikazia macho.

Nikamwambia, "Muuguzi si mkweo, unamwonea haya ya nini?"

Akasema, "Nikitamka, watasogeza tarehe. Mteja akiinuka kitini, mwingine anakaa. Kaka alisogezewa mara tatu. Ya nne tulimpeleka sisi, makaburini."

Basi ameniapisha ninyamaze, naye anameza vidonge vya dukani vya kufunga tumbo. Nikisema nimevunja kiapo na labda nimemnyima upasuaji, nikinyamaza nahesabu safari. Nifanyeje?

Mshonaji

*

Pole, dada. Umeandika vizuri, na muda ulioutumia ungetosha kumpigia muuguzi mara tatu.

Kinga iliyoamshwa ni kama mlinzi aliyekurupuka usingizini: humkimbiza mwizi, na pengine humcharaza na mwenye nyumba. Ikiugeukia utumbo, mtu huharisha, na akiachwa hivyo utumbo huweza kuchubuka hata kutoboka. Ndiyo maana binti wa watu aliuliza. Hakuwa anatafuta maongezi. Vidonge vya dukani vinanyamazisha choo, havimtulizi mlinzi.

Shemeji simcheki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naye amemzika kaka yake. Lakini kitanda cha upasuaji si kiti cha kinyozi. Tarehe huenda ikasogea, sikudanganyi. Yawezekana waitulize kinga kwanza kwa dawa nyingine. Anayesogezewa kwa sababu madaktari wanajua, wanamshughulikia. Anayelala mezani na siri tumboni, hata mkono hodari unakata gizani.

Na hicho kiapo, uliapa kama mke au kama mshirika wa uhalifu? Mficha maradhi, kilio humuumbua, na wa kwanza kulia ni wewe.

Usimzunguke. Mwambie usoni, "Napiga simu." Akifoka, mwache afoke, hatafoka muda mrefu kabla hajaitwa kwingine. Ukipata muuguzi taja siku ngapi, mara ngapi, kama kuna damu, na vidonge alivyomeza. Wakisema mlete, mpeleke leo hii, sare zitasubiri.

Namba ya wodi huwa imeandikwa nyuma ya kadi ya kliniki.