Mama Kuvu, Pazia la Picha Yako Halijafunguliwa

Mwaka umetimia, Mama, tangu pumzi ikuishie mikononi mwa Baba, na bado mlango ukilia tunadhani ni wewe umerudi kutoka kazini, vumbi la mahindi nyweleni, ukiuliza nani kamaliza chai.

Ulikuwa mpole mpaka ukatuudhi. Jirani akikuletea unga wake uuangalie, uliacha chakula kikapoa, ukaunusa, ukausugua kiganjani, ukamwambia taratibu, "Huu usiwape watoto." Wanafunzi walikuita Mama Kuvu, nawe ukalipenda jina hilo kuliko Profesa. Nyumbani tulikatazwa kutupa mkate ulioota ukungu. "Nyie, acheni, hiyo kazi yangu!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Maisha yako yote ulihangaika sumukuvu isiingie kwenye nafaka ya watu. Na chuo kikakupa nini? Stoo ya chini ya ngazi, isiyo na dirisha. Ukiomba feni ya kutoa hewa chafu, unaambiwa iko kwenye mchakato. Ukajifunga kitambaa puani ukaendelea na kazi, na vumbi la kuvu nalo likaendelea kukuingia kifuani. Daktari hakumung'unya maneno: mapafu yako yaliharibiwa na hewa ya chumba kile. Tuzo kubwa ya kimataifa ilipokuja ulikuwa kitandani, huna hata pumzi ya kusema asante.

Ndipo walipokumbuka kwamba wewe ni wao! Watu wana nyuso kavu, Mama. Mwezi uliopita walituita ukumbini kuzindua picha yako kwenye ukuta wa walimu na wanafunzi walioshinda tuzo za dunia. Marumaru kila mahali, viyoyozi vinanguruma. Kando yako wamemtundika yule bingwa wa hesabu waliyemfukuza akiwa mwanafunzi, eti alibishana na mhadhiri. Leo wanamwita "zao letu".

Kabla ya hotuba Baba alitoka kwenda msalani. Alipopita pale ngazini akasikia mtu anakohoa, kikohozi kilekile kilichokuwa kikimwamsha ubavuni mwako. Akasukuma mlango. Alikuwa yule binti uliyemfundisha, anayeendeleza utafiti wako. Kainamia hadubini, kitambaa puani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Bado umo humu? Na feni je?"

"Wanasema iko kwenye mchakato."

Unamjua mumeo, mtu wa kumeza maneno. Siku ile hakumeza. Alirudi ukumbini kamshika binti mkono. Mkuu wa Kitivo akamkabidhi kamba ya pazia, huku anazichekea kamera. Baba akaiachia.

"Mtoeni kwanza huyu kwenye stoo yenu. Picha haikohoi."

"Mzee wetu, wageni wanasubiri," Mkuu alinong'ona.

"Mke wangu naye alisubiri. Nimemzika."

Na unajua yule bwana alifanya nini? Alitazama saa yake. Mbele ya mumeo na watoto wako, mtu mzima na suti yake, alitazama saa! Hatujawahi kumwonea binadamu kinyaa kiasi kile. Tukaondoka na binti, pazia bado limefungwa. Jioni wakapiga simu kutuambia tumekiaibisha chuo, na kwamba binti asiporudi stoo atanyang'anywa nafasi yake. Dada akawajibu kwa kifupi: wakimgusa, jina lako litolewe ukutani, na sababu tutaisema kwa kila atakayeuliza. Bado hawajajibu. Pazia limefungwa hivyo hivyo.

Binti yuko kwetu, anafanya kazi chumbani kwako, madirisha yote wazi. Hatujui kama nafasi yake itapona. Jana Baba alibeba kiti akakaa mlangoni pa chumba hicho asubuhi nzima. Tukamuuliza anangoja nini. Akasema hangoji kitu, anamsikiliza anavyopumua.

Unakumbukwa na mumeo. Wanao, Dada fundi umeme na Kitinda Mimba wako. Mdogo wako nesi. Wajukuu zako wote. Na binti huyu, ambaye sasa ni wetu.

Hutatutoka moyoni, Mama, leo wala kesho.