Ghuba Inapolala

Hanalei, Kauai
12 Mei 1994

Mwanangu Kehau,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huko Las Vegas wazima? Mimi mzima, ila goti halitaki ngazi, nalilazimisha hivyo hivyo.

Mawimbi ya majira ya baridi yamekwenda zao na ghuba imelala. Jana mjomba wako Kaleo alikuwa anaipaka ngalawa mafuta, akasema, "Dada, mwaka huu tumpeleke shemeji baharini, amechoka kukaa kabatini na vikombe." Tukacheka, kisha nikalia. Mwaka jana majivu ya baba yako yalikungoja kiangazi kizima. Ulisema utakuja, hukuja, bahari ikachafuka tena. Alitaka wewe ndiwe uyamwage baharini.

Njoo Juni, mwanangu. Msalimie mwenzio Dereki.

Mama yako


Las Vegas
24 Mei 1994

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi sijambo, kazi hotelini ni nyingi, na joto la jangwa hili linakausha hata mate.

Nimeomba likizo, nangoja jibu. Hivi mwanzo wa kiangazi huko kukoje? Mvua bado zipo? Usiku kuna baridi, nilete koti? Na bahari itabaki shwari mpaka lini?

Nimekukumbuka sana.

Mwanao, Kehau


Hanalei
3 Juni 1994

Mgeni wetu mpendwa,

Habari za huko? Umeuliza wanayouliza wote wanaokodi chumba changu cha nyuma, basi pokea majibu yao. Juni ni mwezi mzuri. Mvua hupita asubuhi, italowesha nguo zako kambani, kisha jua litazikausha kabla hujamaliza kunung'unika. Upepo wa mashariki haukomi, kwa hiyo joto halichomi. Ghuba ni shwari, hata mtoto anaogelea. Koti acha. Lete kofia na ndala.

Umeridhika, bibie? Ulizaliwa chumba hiki hiki, mwezi huu huu, mvua ikipiga bati, leo unaniuliza kama kuna mvua! Nimecheka, lakini imeniuma. Mgeni ndiye huuliza hali ya hewa. Mtoto wa nyumbani hufungua mlango tu.

Juzi mdogo wake Noe, yule jirani yetu, alihitimu shule, nikatunga makoja ya maua mpaka vidole vikavimba. La Noe sikulifunga ncha, maana ana mimba, na unajua hapa mjamzito havishwi koja lililofungwa, kitovu kisije kikamzunguka mtoto shingoni. Akanitania, "Anti, langu linaning'inia kama taulo!" Nilimtazama nikakuwaza wewe. Lako nitalitunga siku utakaposema unakuja. Maua ya uani yanaanguka bure.

Dereki hukumtaja. Kuna nini?

Mama yako


Las Vegas
20 Juni 1994

Mama,

Shikamoo. Likizo wamekataa. Mwambie Mjomba asinisubiri, mpelekeni Baba. Nisamehe.

Kehau


Hanalei
1 Julai 1994

Kehau,

Hujambo? Mimi sijambo.

Jumapili Mjomba alishusha ngalawa. Niliingia majini hadi magotini, nimempakata baba yako, nikashindwa. Nikasema turudi. Kaleo akanuna: "Mawimbi yakiamka usinitafute, dada. Mie siendi kuzama na mume wako!"

Basi, amerudi kabatini. Sitakuomba tena. Nina hamu na wewe mpaka imekuwa hasira, na sijui niipeleke wapi.

Mama yako


Las Vegas
15 Julai 1994

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usipande ngazi, nitakupandia mimi.

Likizo hawakukataa. Sikuomba. Dereki aliondoka Machi, hakuaga. Baba alinikanya tangu mwanzo kwamba yule hatakaa, nami nikaona haya kusimama mbele yake, hata akiwa majivu. Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Kazi nimeacha. Nafika Jumamosi, tarehe thelathini.

Mwambie Mjomba aipake ngalawa mafuta tena, na asinune. Koti silileti. Hali ya hewa sikuulizi.

Nitungie koja langu, Mama, kwa maua ya uani. Ila usilifunge ncha.

Mwanao, Kehau