Paa Langu la Bati Hapa Temeke

Temeke, Dar es Salaam

Kwa mke wangu mpenzi, Mwanne binti Salumu,

Salamu zitangulie, na nyingine zifuate nyuma kama mkia. Mie mzima, meno yote yapo, nayachekea. Hujambo wewe? Kikohozi cha mtoto kimekwisha? Na mguu wa baba mkwe umepoa? Shemeji Idi, wewe unayemsomea dada yako barua hii, kaa vizuri mkekani, na hapa paza sauti baba yenu asikie mpaka zizini.

Mwanaume mwenye bahati kuliko wote Dar es Salaam ni mie! Nina nyumba. Si chumba cha kupanga, nyumba! Vyumba vinne, baraza mbele, ua nyuma, na juu bati tupu. Jua likipiga, wapita njia wanaziba macho. Baba mkwe alisema binti yake hapandi garimoshi kuja kulala chini ya paa la mtu mwingine. Haya, paa hilo. Mavuno yakiisha, funga mizigo.

Nikwambie na mji wenyewe, usije ukashangaa. Temeke si mjini wala si shamba. Ukisema unakaa mjini, watu wa Kariakoo wanakucheka. Wakisema unakaa shamba, unataka kupigana. Wazungu wamejichagulia upande wa upepo wa bahari, Wahindi wako katikati penye maduka, sie tumewekwa huku nyuma na kazi ikabaki mbele. Tajiri yangu wa ghala la nguo analala juu ya duka lake. Akishuka ngazi kafika kazini, mswaki bado mdomoni. Mie mpaka nifike nimeshapita Keko na Gerezani, jasho kama nimetoka kulima. Alfajiri njia yote ni watu: makuli wa gati, wapishi, madobi, wenye baiskeli wanapiga kengele kama wana harusi. Nyuma wanabaki wanawake, kuku, na mstari wa madebe bombani. Jioni tunarudi, huyu na papa mkavu, huyu na kuni, huyu na maneno tu.

Huwa natembea na jirani yangu Kondo, dobi, Mzaramo. Na Mzaramo kwetu sie Wanyamwezi ni mtani, basi staha hakuna. Yeye ndiye huanza:

"Wee mpagazi! Leo umebeba nini kichwani?"

"Akili. Nyie hamjapata kuiona."

"Mbona haionekani? Au umeiezeka bati?"

Sasa sikiliza kisa cha jamaa mmoja wa mtaa huu, naye mtani wa Kondo. Alisimamisha nyumba ya miti, watu wakaja kumkandikia udongo, wakala ubwabwa wakafurahi. Kondo akamwambia, "Ndugu yangu, mke wangu atakusukia makuti. Ezeka kwanza, masika haya yanakuja."

Jamaa akajitutumua pale barazani: "Makuti ya nini? Mie mtu wa bati. Bati langu liko njiani."

Kuta zikakaa zinatazama mbingu. Mvua ikaja mchana, jamaa yuko kazini mjini, anaisikia tu inavyopiga juu ya ghala la watu. Kurudi jioni, ukuta wa mbele umelala njiani.

Unajua Kondo alifanya nini? Alikuja na watani wenzake, mikono kichwani, wakajitupa kwenye tope lile wakalia: "Uuwi! Ukuta wetu! Umekufa mchanga, hata kofia hukuvishwa!" Mtaa ukajaa. Na mtani akililia msiba wako, haondoki mpaka umpe kitu. Jamaa akatoa kuku. Hawamtaki. Akatoa kanzu ya sikukuu. Hawaitaki. Kondo akainua uso, tope mpaka kwenye nyusi:

"Tunataka utamke kwa kinywa chako: sina bati."

Jamaa akageuka huku na huku. Wake za watu wanamtazama, mpaka kuku wake mwenyewe anamtazama. Mwisho akatamka. Wakainuka, wakajipangusa. Kesho yake, wametoka kazini miguu inawauma, wale wale wakaja kukanyaga udongo pamoja naye.

Ndiyo maana mie Temeke sihami, Mwanne. Watu wakulilie ukuta, kisha waujenge tena, utawaacha uende wapi? Nitaipiga njia ya Keko mpaka nyayo ziwe kwato, lakini mwanangu atakulia hapa.

Baba mkwe, shikamoo. Mama mkwe namwamkia kwa mbali kama adabu inavyotaka, hata hapa kwenye karatasi nimeinamisha macho. Dada yangu mfinyanzi mwambie chungu chake kimefika kizima. Mjomba wa nyuki naye asinisahau kwa asali.

Ni mimi mumeo, kipenzi cha Temeke,
Hamisi

Tena, shemeji Idi, hapa shusha sauti umsomee Mwanne peke yake.

La, paza. Baba mkwe naye asikie. Nimeshalitamka mbele ya mtaa mzima, sitashindwa mbele yake. Jamaa yule ni mie. Bati sina, wala haliko njiani. Paa ni langu, ila ni la makuti aliyosuka mke wa Kondo. Vyumba ni viwili, na ukuta wa mbele bado mbichi, ukiugusa unaacha alama ya kidole.