Baba, Walitaka Niandike Kabila

Baba,

Amani iwe juu yako huko uliko. Sisi tupo, alhamdulillahi. Miguu ya Mama bado inavimba, risasi mjini zimepungua, na gereji yako hapa Buyenzi nimemwachia Hasani, msaidizi wako, aiangalie. Usikasirike. Nimejiandikisha jeshini.

Najua, ungenirushia spana. Lakini magari hayaji tena, Baba. Wenye magari wamehama, waliobaki wanatembea kwa miguu. Redioni wakatangaza kwamba jeshi jipya linatafuta mafundi, nusu Wahutu na nusu Watutsi, na atakayeshinda mtihani ndiye atakayechukuliwa. Mi nikasikia hiyo habari ya kushinda tu. Ile nusu kwa nusu ikanipita.

Walitupatia lori lililokataa kuwaka. Wenzangu wote wakakimbilia betri. Mi nikafanya kama ulivyonifundisha, nikaomba mtu apige starta, nikafumba macho nikasikiliza. Pampu ya dizeli ilikuwa inavuta hewa. Nikaitoa hewa, lori likanguruma kabla maafisa hawajamaliza chai yao. Nikawa wa kwanza, Baba! Wa kwanza kati yetu sote, na wewe hukuwepo.

Kisha ikaja fomu. Jina, dini, mtaa, nikajaza mbiombio. Palipoulizwa kabila nikaandika Mswahili. Wallahi sikuwa natania. Karani akacheka mpaka akavua miwani, akawasomea wengine kwa sauti, uwanja mzima ukacheka. Akapiga mstari mwekundu, akaniambia nirudi Jumatatu na jibu la watu wazima.

Sasa ningeandika nini? Wewe mwenyewe ndivyo ulivyotulea. Ule mwaka watu walipokimbia mauaji ya Kamenge, uliwaficha nyuma ya gereji, Wahutu na Watutsi chini ya turubai moja. Vijana wauaji wakaja kuwatafuta na grenedi mikononi, ukawaambia, "Apana, humu ni Waswahili tu," ukaendelea kukaza boliti zako. Mi nilijikojolea, na ulinibadilisha suruali bila kusema kitu. Siku ile niliamini kwamba hilo ndilo kabila letu.

Nikaenda kwa Shangazi Zena. Nilipomuuliza, alifunga dirisha, akaongeza sauti ya redio. Halafu akaniambia sikioni. Babu alikuwa Muhutu wa Bubanza, alishuka mjini kuuza mawese, akasilimu, akabadili jina, na tangu hapo akakataza jambo hilo lisitajwe nyumbani. "Baba yako alijua," akasema. "Alitaka ninyi mulale usingizi."

Ulijua, Baba. Mbona hukuniambia? Nilikushika mkono siku zako tatu za mwisho pale hospitalini, ukaniuliza habari za kila gari, hili hukunitajia. Nilikukasirikia sana, nisamehe. Nililia barabarani kama mutoto.

Jumatatu nikaenda na neno Muhutu mdomoni. Nililifanyia mazoezi njia nzima. Lakini karani hakuniuliza. Fomu ilikuwa imeshajazwa kwa mkono wake: Mututsi. Akanitazama urefu wangu, akanitazama pua, akasema, "We unaonekana tu. Na bahati yako, upande wa Wahutu mafundi wameshajaa." Akanisogezea kalamu.

Ningeweza kusema apana. Neno moja tu. Nikamfikiria Mama na dawa zake, nikalifikiria lile lori, nikatia saini. Mpaka sasa sijui nilichukuliwa kwa sababu ya pampu ya dizeli au kwa sababu ya pua. Na Muhutu aliyeambiwa upande wake umejaa, akarudishwa nyumbani, je, kama alikuwa fundi kuliko mimi? Na yule Mututsi ambaye nafasi yake nimeikalia?

Naingia kambini kesho. Tutalala bweni moja, waasi waliotoka msituni na askari waliokuwa wakipigana nao. Wakigundua, kila upande utasema mi ni jasusi wa upande mwingine. Na vita vikirudi, wauaji wataanza na karatasi zenye kabila, na karatasi yangu inasema uongo niliousaini mwenyewe. Hata kula siwezi. Mama anadhani ni malaria.

Niombee, kama huko mnaruhusiwa. Mama nitamtumia mshahara wote. Na nakuahidi, wakinipanga na bunduki kwenye barieri ya barabarani, nitakagua magari, nitafungua mizigo, lakini hakuna mutu nitakayemuuliza yeye ni nani.

Ila siku wakiniuliza mimi, Baba, nitawajibu nini?

Pumzika salama.

Mwanao,
Ramadhani