Jina ya Kalenga mu Wimbo

Kolwezi, dimanche

Mama yangu Mwadi,

Mungu akulinde kule Dilolo. Magoti ingali inakuuma, ao ile dawa ya dada yangu yaya Blandine ilisaidia? Mi niko muzima, sauti tu njo imekauka juu ya vumbi ya hapa.

Mama, bale banatayarisha fête, sikukuu ya muji, banatafuta baimbaji ba folklore. Nikaenda. Tata Tshimanga, mukubwa wabo, akauliza piano yangu inafanya nini mu folklore. Anasema mi ni mwimbaji wa bar, hata kama nyimbo zangu ni hadithi, maana folklore ni wimbo yenye haina mwenyewe. Nikamuuliza kama mutu wa kwanza kuimba nyimbo za bankambo yetu ba zamani hakukuwa na jina. Alicheka sana, lakini hakuniandika.

Ee mama, ile maulizo ilinikamata! Napika bukari, nafua nguo, niko najiuliza tu: wimbo inakuwaka ya batu bote saa gani?

Kisha nikasindikiza rafiki yangu Glodie ku Mutshatsha, ku kilio ya mudogo wake Kabemba, mwenye alikufa. Mama moja akaanza kuimba, nikashituka. Wimbo yangu! Ile ya ndugu yangu, Kalenga wetu, namna alikunywa chai, akakuaga, akaingia mu shimo ya kobalti, udongo ikamufunika. Piano hakuna, mikono tu. Na pa jina ya Kalenga baliweka Kabemba.

Nikauliza yule mama wimbo ilitoka wapi. Akanishangaa: ni ya bankambo, ya zamani sana. Hata akanifundisha kuiimba muzuri, eti batoto ba Kolwezi tunaiharibu!

Tata Tshimanga akisikia ile, ataniandika mara moja. Sijamuambia. Nilitaka weye ujue mbele yake.

Mama, uliniruhusu kuimba ile hadithi kama sitaondoa jina ya mutoto wako, juu maiti yake haikupatikana, na jina njo ilibakia. Nililinda neno yako ku bar, ku radio, fasi yote. Lakini kule Glodie alinishika mukono niitikie nabo. Nikaitikia. Nikaimba Kabemba. Nililia mudogo wake kama vile nilikuwa namujua.

Unikasirikie, ni haki yako. Lakini siku moja utaisikia ku kilio ya jirani, na Kalenga hatakuwa ndani. Usibakatazie, mama. Itikia.

Usalimie yaya na batoto, ubabusu bote.

Ni miye mutoto wako,
Falonne