Mabati ya Mkopo

Alhamisi, Mutakura

Nimechoka, hata kuvua viatu nimeshindwa. Leo baraza la mji limekubali kukopa benki ili shule zetu ziezekwe upya. Mimi, mkuu wa shule ambayo mabati yake yametobolewa na risasi, nilinyoosha mkono kabla ya wote.

Ila benki inataka dhamana, na dhamana yenyewe ni ushuru wa soko. Utapanda, tena kwa miaka mingi.

Nilipotoka nikapita kwa Mama Furaha, Mkongo anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Mwanawe anasoma kwangu. Sikutaka habari hiyo aipate kwa mtoza ushuru.

Alinisikiliza huku akipanga samaki wake.

"Mwalimu, vita ikiangusha tena hayo mabati, mi nitaendelea kulipa?"

"Utaendelea," nikasema. Nilitamani kuwa na jibu jingine.

Akafukuza nzi.

"Basi muanze na darasa ya mutoto wangu. Akisoma hata mwaka moja bila kunyeshewa, nitalipa."

Nikamwahidi. Lakini shule ya kwanza baraza ndilo litakaloichagua, si mimi, na upande wa Gasenyi milio ya risasi imeanza tena.