Ufunguo Aliouandika Wifi

Chumba cha Kushonea,
Nyumbani.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Shemeji je, bado yuko zamu za asubuhi? Na wanangu, yule mdogo ameacha kutafuna kola za mashati? Sisi huku hatujambo. Mafua yalitupitia wote, yakaondoka. Mwili wangu ni mzima. Roho yangu, soma mwenyewe.

Nilikwambia kwamba nimekubaliwa kwenye tamasha la waandishi la kanda, darasa la kuandika filamu. Nilikuwa nikiusubiri mwaliko ule tangu nilipoanza skripti yangu, ile ya fundi nguo na mumewe mlevi. Basi wifi yetu, mke wa kaka, akasema atanisindikiza, maana yuko likizo na amechoshwa na kazi yake ya mahesabu hospitalini. Nikakubali kwa moyo mweupe. Kikulacho ki nguoni mwako, dada.

Darasa lilikuwa ghorofa ya juu ya maktaba, chumba chenye feni inayokwaruza na viti vya plastiki, na wifi akaruhusiwa kuketi nami. Nafasi ilikuwa moja tu: skripti fupi moja ingechaguliwa ipigwe picha na watu wa filamu wenyewe, kwa kamera zao. Niliitaka nafasi ile hadi nikakosa hamu ya kula.

Mkufunzi ni mama mmoja mpole wa sura, mkali wa kalamu. Kwake, kisichoonekana wala kusikika kinafutwa. Mimi nilikuwa nimeandika, “Moyoni huzuni ya miaka mingi ilimlemea.” Akaniuliza, “Sasa huzuni hii, mwenzangu, kamera niielekeze wapi?” Watu wakacheka. Wifi naye akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Tulipofika ukurasa wa tatu, kilichosalia kwenye kazi yangu ni mlango unaofunguka na mbwa anayebweka.

Kesho yake wifi naye akaandika, eti kwa kuwa karatasi zipo. Mtu ambaye hata kadi za pongezi huwa namwandikia mimi, yeye anatia sahihi. Akajaza kurasa nne. Mkufunzi hakufuta hata mstari.

Pale wana desturi yao: mwandishi hasomi kazi yake mwenyewe. Wenzake humsomea, kila mmoja na mhusika wake, ili asikie panapolegea. Mkufunzi akanitazama, akasema, “Wewe una sauti ya mzazi. Chukua mama.” Nikachukua. Nilidhamiria kuisoma kavukavu, kama mtu anayetaja bei za vitunguu. Mungu anisamehe.

Skripti yenyewe ni hivi. Mama anampigia pasi binti yake anayesafiri. Blauzi ni moja, anaipiga pasi, anaikunja, anaikunjua, anaipiga tena. Binti anasema atachelewa, mama anarudia mikono ya blauzi. Mlangoni anamshikisha ufunguo wa nyumba na kumwambia, “Ukirudi usipige hodi.”

Dada, nilipoufikia mstari ule, sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya marehemu mama, na ule mkwaruzo wake. Mkufunzi akavua miwani, akafuta macho. Wifi akapewa nafasi palepale, na aliyempa ni mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mwenye kuitaka bahati haiachii mlango wazi ikaenda kwa jirani. Mimi niliuacha wazi, nikang'oa na bawaba. Nilimkumbatia, nikampongeza, nikaenda chooni kulia. Njiani kurudi akaniuliza mama alipenda nguo za rangi gani, maana watu wa filamu wanataka kujua. Nikamwambia alipenda zote.

Lakini kilichonikaa kooni si nafasi peke yake. Skripti ile ni siku uliyoondoka wewe nyumbani, na siku ile wifi alikuwa bado hajaolewa kwetu. Mimi nilikuwa jikoni nakufungia chakula cha njiani. Ufunguo ule mama alituambia umepotea. Mimi ndiye niliyelala kifudifudi kuutafuta chini ya kabati, yeye amesimama ananimulikia tochi. Kwa hiyo aliyemsimulia wifi ni wewe. Nilimbana, akakiri: ulimwambia kwenye simu, alipokuwa na mimba ya kwanza na hofu ya kujifungua. Ulifanya vizuri kumtuliza. Ila mimi ni wa tumbo moja nawe, na miaka yote hii tunaandikiana habari za mafua na zamu za shemeji.

Nina wivu, dada, sina jina jingine la kuuita. Namwonea wivu wifi kwa filamu yake, nakuonea wewe kwa ufunguo, na namwonea hata mama, aliyenimulikia tochi huku akijua.

Kaka anakusalimu, kitambi kinampendeza. Shangazi anakusalimu, anasema umemsahau. Wifi pia anakusalimu, na salamu yake nimeifikisha kwa sababu aliniomba. Mungu awalinde wewe na nyumba yako, na mgongo wako upate nguvu.

Usinipigie simu kwa haya. Niandikie jambo moja la mama ambalo hujamsimulia mtu yeyote. Hata liwe dogo, hata liwe la aibu. Sitalifanyia filamu. Nataka nami niwe na la kwangu.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa amenuna.